Hatua Nne Mbele ya Kamba

Wengine wakirudi kutoka Ulaya wanaleta viatu, saa na kikohozi. Mimi nilirudi na timazi yangu ileile niliyokwenda nayo, na picha moja ya benki.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Wabelgiji walikuwa bado wenye nchi, na sisi tulikuwa bado tunaambiwa kwamba siku moja tutakuwa watu, tuvumilie tu. Nilikuwa fundi wa kujenga pale Baraka, tena kapita, yaani mkubwa wa mafundi wa serikali. Ukisikia kapita utadhani nilikuwa najenga. Aka! Kazi yangu kubwa ilikuwa kushika kamba.

Bwana administrateri, aliyekuwa anakaa juu Fizi kwenye baridi na kushuka kwetu na gari lake kutazama jinsi tunavyoishi vibaya, alikuwa na ugonjwa mmoja, na ugonjwa huo ni mstari. Nyumba ikitokeza mbele ya mwenzake alishika kichwa. Basi akaamuru nyumba zote za Baraka zilizo kando ya barabara kubwa na nje ya mstari zibomolewe, zijengwe upya kwa matofari, zote ziwe sawasawa, na juu zipigwe manjanja, yale mabati yanayokuchoma mchana na kukupigia ngoma mvua ikinyesha. Mimi napiga kijiti huku, nafunga kamba, naivuta mpaka kijiti cha kule, na watu wanajenga nyuma yake. Nyumba iliyokutwa mbele ya kamba haina kesi ya kujitetea.

Nyumba ya mama yangu ilikuwa hatua nne mbele ya kamba.

Ilikuwa nyumba ya miti na udongo, imeezekwa majani, na upenu wake ulikuwa mpana hata watu kumi na mbuzi wao wangejificha mvua chini yake. Baba aliijenga kabla sijazaliwa. Mama alikuwa anaisiriba udongo mpya kila kiangazi kwa mikono yake mwenyewe, na hakuna fundi aliyeruhusiwa kumsaidia, mimi nikiwa wa kwanza kukatazwa.

Nilipompelekea habari ya kamba alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Hakuacha kutwanga.

"Nyumba ya mutu inabomolewa mwenyewe akishakufa," akasema. "Mi nimekufa?"

"Hapana, mama."

"Angalia vizuri, papa. We uko fundi, una macho. Mi nimekufa?"

Alikuwa ananiita papa kwa sababu nina jina la baba yake, na alikuwa analitumia neno hilo vizuri zaidi akiwa amekasirika. Na alikuwa anasema kweli. Kwetu mzee akifa, watu wakimaliza kumzika, wanarudi kubomoa nyumba yake, na ndugu wanakaa matanga pale pale kwenye udongo uliovunjika. Ukipita njiani ukaona nyumba imebomolewa na mtu ameketi mbele yake, huulizi. Unavua kofia, unakaa chini, unalia.

"Sogeza kamba yako," mama akasema. "Hatua nne tu. Barabara iko pana, hata ng'ombe za watu wa milimani zinapita bila kugusana. Kwani hiyo kamba ni Mungu ameifunga?"

Haikufungwa na Mungu, ilifungwa na mimi. Upande ule vijiti vilikuwa bado havijakazwa, majirani walikuwa hawajaanza kujenga, na ningeisogeza kamba mbele hatua nne asingepoteza mtu hata tofari moja. Nililijua hilo kama ninavyojua kiganja changu. Nikamwambia, "Nikirudi, mama." Maana wiki ile ile nilikuwa nimeitwa Fizi, nikaambiwa nimechaguliwa pamoja na wenzangu watano kwenda kuiona Ulaya. Administrateri alitaka kapita mmoja akauone mstari kwa macho yake, arudi awaeleze washenzi wenzake kwa Kiswahili. Mkewe akanipa koti la zamani la mumewe, na mimi, mtoto wa mwanamke yule, nikatembea nalo Baraka nzima kwenye jua kali ili kila mtu alione.

Lori mpaka Uvira, kisha Usumbura, kisha ndege. Habari za ndege sitaziandika. Niliogopa, nikatapika, nikafika.

Mji wenyewe ulikuwa Bruseli, na tuliambiwa ndipo fedha yote ya Kongo inapokwenda kupumzika. Jambo la kwanza nililolitafuta ni mstari. Nilitoka kwenye gari nimekaza macho kama mtu anayetafuta ndugu sokoni. Mamawe! Barabara ya kwanza ilipinda kama njia ya mbuzi. Ya pili ilipinda kuliko ya kwanza. Nyumba zao za zamani zilisimama kila moja kwa akili yake, hii imetoa tumbo mbele, ile imerudi nyuma, nyingine imemwegemea jirani kama mtu anayetoka kwenye pombe ya kasiksi. Nikasema moyoni, bwana wetu wa Fizi akiletwa huku atalazwa hospitali. Kumbe huku ndiko alikozaliwa.

Tulipewa mzungu wa kutuongoza, mwembamba, mpole, mwenye mwavuli, aliyekuwa anasema Kifaransa polepole kana kwamba sisi ni viziwi. Aliona ninavyotazama zile nyumba.

"Hizo achaneni nazo," akasema. "Ni za zamani. Mtaona za kisasa."

Za kisasa tukaziona. Akatupeleka mbele ya benki mpya, kioo kutoka chini mpaka juu, ghorofa ambazo ukitaka kuzihesabu shingo inakataa. Akanyamaza ili tushangae. Tukashangaa kwa adabu. Kisha mimi nikauliza ni nani anayeishi humo.

"Hakuna mtu. Ni benki, na maofisi."

"Na usiku analala nani?"

Akafikiri kidogo. "Mlinzi," akasema. "Na mbwa wake."

Basi fikiria mwenyewe. Kwetu ukiona nyumba kubwa unajua mwenyewe ana wake, ana watoto, ana wageni wasiotaka kuondoka. Kwao nyumba kubwa kuliko zote ilijengwa kwa ajili ya makaratasi, na watu wenye pumzi wamebanwa kule nyuma, huyu juu ya kichwa cha yule, mtu anatembea na viatu juu ya mama wa mwenzake na wala hakuna anayemshitaki. Nikaambiwa hayo ndiyo maendeleo. Nikaitika.

Ule ukuta wa kioo ulinitia huruma. Makarani wote walikuwa wanaonekana kama samaki kwenye chupa. Mmoja wa ghorofa ya pili alikuwa anachokonoa pua kwa bidii, na sisi sita pamoja na mzungu wetu tukasimama tukingoja amalize. Kwetu hata maskini wa mwisho ana ukuta wa kujikunia nyuma yake.

Mlango nao ulikuwa wa kuzunguka. Mwenzetu mmoja, mwalimu kutoka Lubondja, mtu wa heshima zake, akaingia, akazunguka, akatoka palepale alipoingilia. Akajaribu tena, ikawa vilevile. Mara ya tatu alitoka akafunga kifungo cha koti, akasema inatosha, ameshaiona benki. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, lakini hawakujua kuna milango isiyokubali.

Kisha mvua ikanyesha. Sisi sote tukakimbilia ukutani, kama mtu yeyote mwenye akili anavyofanya, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nyumba ile iliyokula simenti ya kujengea Kivu nzima haikuwa na upenu. Hata wa kiganja kimoja! Juu bapa, ukuta unashuka wima, maji yanateremka kwenye kioo na kuingia moja kwa moja shingoni mwako. Mzungu akafungua mwavuli wake, mmoja, kwa watu saba. Nikakumbuka upenu wa mama na wale mbuzi, na mbuzi niliwaonea wivu, kweli kabisa.

Mbele kidogo kulikuwa na jengo lingine lililosimama juu ya miguu ya simenti, chini yake wazi, kama ghala letu la mahindi. Sisi tunaliinua ghala hivyo kwa sababu ya panya. Nikamuuliza mwongozaji wetu kama na makarani wao wanaliwa na panya. Hakucheka, akasema ni mtindo.

Nisiwe mwongo lakini. Mvua ilipokatika nilitoa timazi yangu mfukoni, kile kipande cha chuma kwenye uzi ambacho fundi hakiachi nyumbani, nikaining'iniza kwenye nguzo ya ile benki, kwenye kona. Mlinzi alinijia mbio akidhani ninaiba jengo. Inaniuma kusema, nguzo ilikuwa wima kabisa, haikukosa hata unene wa unyasi. Mafundi wao wanajua kazi. Nilitamani sana kukuta imepinda.

Ilikuwa baada ya hapo, kwenye mtaa ulio nyuma ya benki, nilipofanya kile ambacho wenzangu walinicheka mpaka Usumbura. Tulipinda kona tukakuta nyumba imebomolewa nusu. Ukuta wa mbele ulikuwa umeanguka, na vyumba vya ndani vilikuwa wazi mbele ya watu, karatasi za maua ukutani, msumari uliokuwa umeshika picha, kitanda cha chuma kikiwa juu ghorofani bila godoro. Na kwenye njia ya watembea kwa miguu, mbele ya ule udongo, kizee wa kizungu alikuwa ameketi kwenye kiti cha jikoni. Alikuwa amevaa koti jeusi, na mfuko wake ulikuwa magotini.

Mimi sikuuliza. Nani angeuliza? Nyumba imebomolewa, mama ameketi mbele yake, amevaa nyeusi. Nikavua kofia. Nikaenda nikakaa chini kando ya kiti chake, kwenye maji na vumbi la chokaa, na lile koti nililopewa na mke wa administrateri, nikalia. Nililia kwa sauti kama inavyotakiwa, maana anayelia matanga kimyakimya kwetu anadhaniwa kuwa ndiye aliyeroga. Na kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, nikatoa sarafu nikaiweka kwenye kiganja chake.

Watu wakasimama. Mwongozaji wetu akanishika kola.

"Unafanya nini wewe?"

"Namlilia marehemu, bwana."

"Marehemu gani? Hakuna mtu aliyekufa! Benki inataka kupanua maofisi yake. Wanabomoa, basi."

Nikamtazama yule mama. Alikuwa hajauachia mkono wangu. Akasema maneno kwa Kiflamishi, lugha ambayo siijui, na mwongozaji akawa mwekundu mpaka masikioni kabla ya kutafsiri.

"Anasema alizaliwa kwenye nyumba hii," akasema. "Anasema wewe ni mtu wa kwanza kuja kumpa pole."

Hapo ndipo nilipolia kwelikweli, na safari hii bila sauti. Nilimwona mama yangu pale kwenye kiti. Nikaapa, nimekaa kwenye maji ya Bruseli, kwamba nikifika Baraka kabla hata ya kula nitaisogeza ile kamba.

Nilifika nikala kwanza. Mama alikuwa amepika samaki wa mikeke na ugali wa muhogo, ningefanyaje? Nikampa ile picha ya benki niliyonunua kwa ajili yake. Akaisogeza karibu na moto, akaigeuza huku na huku.

"Moshi unatokea wapi?"

"Hakuna moshi, mama. Hawapiki humo."

"Na mvua ikinyesha, mutu anasimama wapi?"

"Anasimama mvuani."

"Eh!" Akanirudishia picha. "Na wenyewe wanasema sisi ndio tunaishi vibaya."

Nikamweleza habari za yule kizee. Hakunicheka. Aliuliza kama siku ile yule mama alikula, na nani alimpokea, na kama alikuwa na mtoto. Nikaona aibu kwamba sikuuliza hata moja. Akanimiminia maji ya kunawa.

"Basi umerudi na akili, papa," akasema. "Asubuhi utasogeza kamba."

Nikasema ndiyo. Na ningeisogeza, nataka mnielewe, nilikuwa nimeamka kwa ajili hiyo. Lakini asubuhi gari la administrateri lilikuwa limeshafika. Watu wote wa kando ya barabara walikuwa wameitwa, bamama mbele na watoto migongoni, na mimi nikawekwa juu ya sanduku la misumari, na koti langu, niwasimulie Ulaya. Nikasimulia vioo. Nikasimulia mlango wa kuzunguka, watu wakacheka. Administrateri alitabasamu, na nitasema wazi, tabasamu lile lilinipendeza. Nilikuwa mtu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya wote kusikia:

"Waambie, kapita. Kule Ulaya uliona kizee mmoja ambaye nyumba yake imesimama mbele ya mstari, inawazuia wengine?"

Mama alikuwa mstari wa kwanza, ameketi kwenye mkeka wake, ananitazama bila wasiwasi wowote. Alikuwa anajua jibu, si nilimsimulia mwenyewe? Ningeweza kusema kwamba barabara zao zinapinda kama utumbo. Ningeweza kusema kwamba kuna mama niliyemkuta analia. Mdomo ulikuwa wangu.

"Hapana, bwana," nikasema. "Sikuona."

Wala sikusema uongo. Nilipofika ilikuwa imeshabomolewa.

Mama hakugombana nami, na ningependa angegombana. Siku ya kubomoa alitoa vyungu vyake, akakunja mikeka, akavuka barabara akaketi upande wa pili, miguu ameinyoosha. Ukuta wa kwanza ulipoanguka, bamama wa jirani walianza kuja, vitambaa vimefungwa kiunoni, wakilia toka mbali. Walimlilia mama yangu kwa jina lake, mbele ya uso wake, na yeye akawa anawaitikia, anapokea unga na ndakala, wale dagaa wakavu wa matanga, kama mwenye msiba. Dada yake mdogo alishuka kutoka Lubondja akiwa amenyoa kichwa. Administrateri aliniuliza wale wanawake wana nini. Nikamwambia wanafurahi.

Kazi ilipokwisha nilivuka barabara. Kamba ilikuwa bado mkononi. Nilivua kofia, nikainama nikae chini kando yake, kama nilivyokaa kwa yule mwingine.

"Simama, papa," mama akasema.

"Mama, nataka kukaa na wewe."

"Hapa wanakaa watu wa matanga. We uko wa kazi. Simama, utachafua koti."

Nikasimama. Sijawahi kusimama wima hivyo maishani mwangu.

Nilimjengea nyumba ya matofari, manjanja juu, dirisha la kioo, ya kwanza kwa uzuri barabara nzima. Hata administrateri aliipiga picha. Mama hakulala humo usiku hata mmoja. Aliweka kuku wake, kuku wakaishi kizungu, na yeye akaenda Lubondja kwa dada yake, kwenye nyumba ya majani iliyosimama inavyotaka. Nikienda kumtembelea alinipikia vizuri, akauliza habari za kuku, akanisindikiza mpaka njiani. Habari za kamba hakuzitaja tena. Mimi ndiye niliyekuwa nangoja azitaje, kila safari, miaka yote ile.

Alipokufa, Wabelgiji walikuwa wameshaondoka na mistari yao. Tulimleta Baraka kumzika kando ya baba. Baada ya maziko watu walirudi pamoja kama desturi, wakafika barabarani, wakasimama. Hakuna aliyejua aelekee wapi. Hakukuwa na kitu cha kubomoa.

Nikachukua nyundo. Nikawaambia, haya, iko hii, nyumba yake ni hii, nilimjengea mimi, tuibomoe. Nilikuwa nalia kwa sauti, mzee mzima. Nikapanda ukutani, nikaanza kung'oa bati la kwanza.

Mama mdogo, yule wa Lubondja, alinishika mguu.

"Shuka, mutoto wangu," akasema. "Nyumba ya dada yangu tulishaibomoa, na tulishamulilia. Hii ni ya kwako."

Nikashuka. Ndimo ninamolala mpaka leo.